Mwenye Duara Hashuki

Jumatatu, 8 Septemba

Madam Serafina katuletea msiba kipindi cha kwanza, hata vumbi la kufagia darasa halijatua. Kasema Jumatatu ijayo kuna mtihani wa mdomo. Wa fasihi. Kwa Kiingereza. Mmoja mmoja, uso kwa uso naye, dakika kumi. Hakuna karatasi, hakuna jirani wa kumchungulia. Kitabu ni kile cha ngazi. (Jalada lina picha ya ngazi. Kina jina lake, lakini kidato cha tano kizima tunakiita hivyo.)

Masudi akauliza kama mtu anaweza kuugua siku hiyo. Madam akasema anaruhusiwa kabisa, atamfuata wodini na maswali yake.

Halafu akatoa lile lenyewe. Atakayepata chini ya arobaini anatoka HKL.

Historia, Kiswahili na Kiingereza ndiyo nyumba yangu pekee katika shule hii. Tahasusi nyingine zimejaa, na hisabati na mimi hatusalimiani tangu kidato cha pili. Kwa hiyo kutoka HKL ni kutoka shuleni. Kutoka shuleni ni kurudi Rwamgasa kwa mjomba Ndaki, kwenye karasha lake la kusaga mawe ya dhahabu.

Nilikaa Rwamgasa miaka miwili baada ya kidato cha nne. Kazi yangu ilikuwa kulilisha karasha mawe kwa koleo. Lenyewe linasaga, mimi nameza vumbi. Nilikuwa mweupe hadi kope. Kuna mtoto wa jirani alikuwa akiniona analia. Siku mjomba aliponiruhusu kuja Runzewe kusoma hakunipa hotuba. Alisema tu, ukirudishwa, koleo lako lipo pale pale nyuma ya mashine, sitamwazima mtu.

Kitabu kina kurasa mia mbili na kumi na mbili. Hadi sasa nimemaliza jalada.

Jumanne, 9 Septemba

Nimejaribu kusoma, iandikwe hivyo kwa haki. Ukurasa wa kwanza wote ni mvua. Ukurasa wa pili mvua inaendelea. Hapa Runzewe tangu mwezi wa tano hatujaona hata wingu la kuazima, halafu mtu unasomeshwa mvua kurasa mbili. Ni kutiana wivu. Nikapitiwa na usingizi.

Wazo lilikuja jioni nikisonga ugali. Geto, chumba chetu cha kupanga, tunaishi wawili, mimi na Boaz. Yeye anapika mboga, mimi nasonga. Boaz ni mtoto wa wafugaji, mpole, anaitikia salamu zote hadi za mtangazaji wa redio.

Wazo ni hili. Machimboni hakuna mtu anayechimba duara peke yake. Duara, yaani shimo, lina wachimbaji na lina mwenyewe. Wachimbaji wanashuka, wanapandisha mifuko ya mawe, siku ya mgao kila mtu anaondoka na mifuko yake. Mwenye duara hashuki. Anakaa juu chini ya turubai na daftari mapajani, na bado mgao wake ndio mkubwa kuliko wote. Hakuna anayemuuliza. Duara ni lake.

Kitabu kina sura kumi na mbili. Wachimbaji watatu, sura nne nne. Mwenye duara ni mimi, maana wazo limenijia mimi.

Boaz akauliza mimi nitasoma sura ipi. Nikamweleza upya, polepole, mambo ya turubai na daftari. Akasema kumbe. Boaz akisema kumbe, ama amekubali ama kuna kitu kinaungua.

Ugali ulikuwa unaungua.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeajiri. Boaz kachukua sura nne za mwanzo, zenye mvua. Martina kachukua za katikati. Martina anaongea kidogo na kuandika sana, mchimbaji mzuri. Masudi kang'ang'ania za mwisho. Anadai kitabu kikifika mwisho kinakuwa kimechoka, hakina ubishi tena na msomaji. Wazazi wa Masudi wanauza mitumba minadani, na yeye kila neno analisema kama amepanda juu ya meza akiwa ameshika suruali mkononi.

Nimeandika katiba ya duara. Kifungu cha kwanza, kila mchimbaji alete mfuko wake, yaani muhtasari, Jumamosi saa nne. Cha pili, ni marufuku kuficha mawe. Hiki nilikitunga kwa uzoefu. Mchimbaji akikutana na jiwe zuri huko chini, lile haliji juu pamoja na mengine. Linapanda ndani ya soksi. Wote wamesaini. Saini ya Masudi ni ndefu kama ya wale wa kwenye noti.

Rebeka alikuwa nyuma yetu muda wote, anajifanya anachonga penseli. Rebeka ndiye wa kwanza darasani. Kiingereza chake kinatoka bila kusukumwa. Ameshanisahihisha mara tatu mbele za watu, na mara ya tatu nilikuwa nasalimia tu. Baba yake ana maduara huko Geita.

Akasema, nusu Kisukuma, "Bebe Ignas, wewe sikia, baba ana maduara manne. Kuna moja hashuki mwenyewe, anatuma watu. Hilo ndilo limetujengea choo."

Nikamwambia hongereni.

"Choo cha mawe. Mawe ya humo humo. Mpaka leo hakijatoka kingine."

Wachimbaji wangu wote watatu wakacheka. Nimewaonya kwa mdomo.

Ijumaa, 12 Septemba

Kazi ya mwenye duara ni kuzunguka. Jana na leo nimezunguka. Boaz nimemkuta ukurasa wa thelathini na moja, kakunja uso. Nikamuuliza kuna nini humo. Kasema kuna jambo halijamkalia vizuri. Nikamwambia aliandike alilete Jumamosi, mambo ya uchungu yana alama nyingi. Martina anajaza daftari na akiniona analifunika kwa kiwiko. Masudi kila nikifika ndiyo kwanza ametoka kusoma au ndiyo anataka kuanza.

Kwa kuwa nina nafasi, nimefanya utafiti wangu binafsi. Nimeazima madaftari ya kidato cha sita, ya miaka mitatu nyuma. Nimegundua kitu ambacho walimu hawasemi. Majibu yote ya fasihi, kwa vitabu vyote, yanaendeshwa na sentensi nne. Ya kwanza, mwandishi ameiakisi jamii yake. Ya pili, suala hili lina pande mbili. Ya tatu, hata leo katika Tanzania mambo haya tunayaona. Ya nne, mwanamke hajapewa nafasi yake. Nne tu. Ni kama ufunguo malaya, hakuna kufuli linaloukataa. Nimezikariri kwa Kiingereza, nazisema hata nikipiga mswaki.

Mchana nilizifanyia majaribio kwa Mama Vumilia anayeuza chapati na maharage getini. Akaniuliza aniwekee moja au mbili. Nikamjibu, kwa Kiingereza, kwamba suala hilo lina pande mbili. Akaweka mbili. Akauliza pilipili. Nikasema hata leo katika Tanzania mambo haya tunayaona. Akaweka.

Sioni pengo.

Jumamosi, 13 Septemba

Mgao. Tumekaa darasani, mimi mbele.

Boaz kafungua mfuko wake. Kurasa tisa, zote zinahusu ng'ombe. Katika sura ya tatu, kwa maelezo yake, mhusika mkuu aitwaye Simeo anauza ng'ombe mwenye mimba bila kumwambia mama yake. Boaz hajaweza kuvuka hapo. Alianza kwa Kiswahili, akahamia Kisukuma, akasimama. Alitaka kujua ni mtu gani, mwenye akili, aliyelelewa, anauza ng'ombe mwenye mimba. Nikamuuliza dhamira. Akasema hiyo ndiyo dhamira. Nikamuuliza mvua inaashiria nini. Akasema inaashiria kwamba majani yalikuwepo, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuuza.

Nikaandika: ng'ombe.

Martina kaleta nusu ukurasa. Simeo anahama. Kuna mke. Kuna binti anaitwa Lidia. Wanagombana. Wananyamaza. Nikamuuliza zile kurasa za daftari alizokuwa anajaza zipo wapi. Akasema hizo alikuwa anajaribu kalamu.

Ule mfuko naujua. Machimboni tunaita magwangala, yale mawe ya mabaki ambayo mgodi umeshakamua kila kitu ndani yake, unaachiwa wewe uokoteze.

Lakini Masudi ameokoa duara. Masudi kasimulia mwisho wa kitabu kwa dakika ishirini bila kushika karatasi. Simeo anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, anapita kwenye majani marefu, nyoka anamgonga kisigino. Anajikokota hadi mlangoni. Lidia anampakata. Anaomba msamaha kwa neno moja moja, anakata roho, na papo hapo mvua inanyesha. Hata mimi, mwenye duara, machozi yalinilenga. Boaz akauliza kuhusu ng'ombe. Masudi akasema ng'ombe hayupo kwenye sura zake.

Nimeandika kurasa nne. Hiyo ndiyo dhahabu.

Jumapili, 14 Septemba

Mjomba Ndaki kapita. Alikuwa anatoka Kahama kununua mkanda wa mashine, akaona asiipite Runzewe bila kuniona. Kanikuta nje ya geto nakariri. Shikamoo mjomba, marahaba, akakaa juu ya ndoo, mkanda wa karasha kauvaa begani kama nishani.

Kauliza masomo. Nikaona nimwonyeshe, nikampigia zile sentensi nne kwa Kiingereza, mfululizo, na mikono. Alisikiliza hadi mwisho. Kasema nimekuwa kama wanunuzi wa dhahabu. Wao nao wakiona jiwe halina kitu ndipo wanaongea sana.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaangalia viganja vyangu, akaminya kwa kidole gumba pale palipokuwa na sugu. Kasema zimeanza kulainika. Sikuelewa kama ni sifa au ni taarifa.

Akaondoka kuwahi gari. Kabla hajaondoka akasema koleo langu lipo, kalibadilisha mpini.

Usiku mzima Boaz alikuwa na kitabu na tochi ya simu. Nikamkumbusha sura zake zimeisha, mgao umeshafanyika. Akasema anatafuta kama yule ng'ombe alirudi.

Jumatatu, 15 Septemba

Mtihani ulifanyika stoo ya vitabu, kati ya madawati mabovu. Tumeitwa kwa bahati nasibu. Anayetoka anapelekwa maabara kukaa kimya, asivujishe. Madam ana akili za mlinzi wa geti la mgodi.

Nimeingia wa saba. Shikamoo Madam. Marahaba, keti. Saa yake juu ya meza. Yote yaliyofuata yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza changu kwa kweli kilisimama vizuri. Kilichoanguka ni vingine.

Alianza kwa kuniambia nizungumzie chochote kilichonivutia. Nikasema mwandishi ameiakisi jamii yake, nikaingia kwenye ngazi. Nilikuwa nayo tayari, hoja tatu: ngazi ni maendeleo, ngazi ni matabaka, ngazi ni safari ya Simeo. Nilipanda hadi hoja ya tatu. Madam akasema hakuna ngazi humo kitabuni. Ni mchoraji wa jalada. Yeye mwenyewe kila mwaka anajiuliza aliitoa wapi.

Akauliza, kati ya wahusika, nani namwonea huruma. Nikasema suala hilo lina pande mbili. Akasema nichague upande. Nikasema mwanamke hajapewa nafasi yake. Akauliza mwanamke yupi. Nikasema mwanamke kwa ujumla.

Akauliza mwisho wa kitabu umeniachia nini. Hapo nikavuta pumzi. Nikashusha dhahabu yote. Majani marefu. Kisigino. Lidia na kichwa cha baba yake mapajani. Msamaha wa neno moja moja. Mvua. Nilishusha sauti palipohitaji kushushwa. Madam alikuwa ameacha kuandika, na mimi nikadhani ndivyo inavyokuwa mtu akiguswa.

Akauliza Simeo ameuawa na nini. Nyoka. Akauliza ukurasa wa ngapi. Nikasema huyo ni nyoka wa kifasihi.

Akasukuma kitabu mbele yangu. Nisome ukurasa wa mwisho, kwa sauti. Nikasoma. Simeo amekaa barazani kwake, mzima, anakunywa uji. Anauliza kama kuna sukari. Lidia anasema ipo. Kitabu kinaisha.

Ilikuwa imebaki sentensi moja ambayo sijaitumia. Nikasema hata leo katika Tanzania watu wengi wanakunywa uji.

Madam akafunika uso kwa daftari la mahudhurio, mabega yakawa yanatikisika. Akanyoosha kidole kuelekea maabara.

Jumanne, 16 Septemba

Matokeo yamebandikwa. Rebeka sabini na nane. Boaz sabini na moja. Martina sitini na nne. Mimi thelathini na moja. Masudi ishirini na mbili.

Masudi kakiri. Hakusoma hata mstari, ila kitabu chenye unene ule aliona lazima mtu afe. Nikamuuliza kwa nini sasa na yeye alikwenda kumwambia Madam habari ya nyoka. Akasema alivyokuwa akitusimulia siku ile aliona nimelengwalengwa na machozi, akaanza kuamini mwenyewe. Madam alipata nyoka wawili siku moja. Machimboni kuna watu wanapaka vumbi la dhahabu kwenye mawe matupu wakakuuzia shimo. Lakini hata hao hawarudi kununua shimo lao wenyewe.

Martina nilimwonyesha kifungu cha pili cha katiba, na saini yake. Kasema ndiyo, alificha. Akauliza mimi miaka miwili ya Rwamgasa niliwahi kuona mchimbaji asiyeficha. Akaongeza kwamba Jumapili alisoma na sura za mwisho yeye mwenyewe, maana Masudi akisimulia bila kukohoa ujue anatunga.

Boaz ndiye aliyenishangaza. Alisoma kurasa zote mia mbili na kumi na mbili akimtafuta ng'ombe. Hakumwona. Alipoingia stoo Madam hakupata hata nafasi ya kuuliza. Boaz alimweleza kwamba kila baya lililompata Simeo limeanzia siku ile, na kwamba mwandishi analijua hilo, ndiyo maana hamtaji tena yule ng'ombe, anaona aibu. Kiingereza chake, anasema, kilikuwa cha kuchechemea, lakini Madam alimpigia makofi.

Ng'ombe. Mtu anakwenda na ng'ombe mmoja anarudi na sabini na moja. Bahati haina macho.

Saa saba Madam kaniita mimi na Masudi. Barua za kutuondoa ziko tayari, ameonyesha bahasha. Lakini mwalimu mkuu ameruhusu nafasi moja ya mwisho, Alhamisi. Kila mmoja achague ukurasa mmoja wa kitabu. Mmoja tu, wowote. Ataulizwa huo. Akishindwa hata ukurasa mmoja, achukue bahasha yake aende nyumbani kwa amani.

Rebeka alikuwa mlangoni. Safari hii hakutania. Kasema, "Usome kweli, Ignas." Nikamwambia asante. Hilo limenitisha kuliko bahasha.

Jumatano, 17 Septemba

Ukurasa mmoja, wowote. Madam ni msomi lakini hajui kufunga mkataba. Hakusema urefu.

Nimepekua kitabu chote kwa mara ya kwanza tangu nikipewe. Sikuwa nasoma, nilikuwa natafuta nafasi nyeupe. Ukurasa wa tisini na saba, mwisho wa sura ya sita, una mistari minne. Chini yake karatasi tupu, hadi namba ya ukurasa.

Mistari yenyewe hii, kwa Kiswahili changu. Simeo alirudi jua likiwa bado lipo. Akaegemeza jembe ukutani. Mkewe akamuuliza kumetokea nini. Akaomba maji.

Basi. Ndiyo yote. Nimeikariri kabla chai haijapoa. Nimeikariri na kinyumenyume.

Masudi kachagua ukurasa wa mwisho kwa sababu, anasema, ule wa uji ameshausikia sana. Nikamwonyesha wa kwangu. Akanipa mkono kwa heshima, kama watu wanavyompa mkono aliyeona jiwe.

Nimezunguka mtaani mchana kutwa sina kazi. Boaz kaniuliza Simeo alitoka wapi ndiyo akarudi mapema hivyo. Nikamwambia hilo liko ukurasa wa tisini na sita, si eneo langu.

Alhamisi, 18 Septemba

Stoo ile ile. Bahasha iko mezani, jina langu juu yake, maandishi mazuri.

Madam akauliza nimechagua ukurasa gani. Tisini na saba. Akafungua. Akautazama, akanitazama mimi. Nikasoma ile mistari minne bila kuangalia kitabu. Akaniambia vizuri. Kisha akafunika mistari yote minne kwa kiganja. Ikabaki ile sehemu nyeupe.

Akasema, niambie hapa kumeandikwa nini.

Nikasema hapana kitu, Madam. Akasema mwandishi alikuwa na karatasi na wino, mbona kaacha. Nikafungua mdomo niseme suala hili lina pande mbili. Akainua kidole. Kasema sentensi ile akiisikia leo anafungua bahasha mwenyewe.

Nikaiangalia ile nyeupe. Dakika zinaenda. Niliona koleo, mpini mpya, na vile ninavyojua litakavyokaa mkononi. Sikuwa na kitu kingine cha kusema, ndiyo nikasema lililokuwepo.

Nikamwambia kuhusu mjomba. Masika ya mwaka juzi udongo ulishuka kwenye shimo la jirani, kukiwa na mtu aitwaye Mageni chini. Mageni alikuwa anakula kwetu mara nyingi. Mjomba alikwenda kusaidia kufukua tangu asubuhi. Alirudi saa kumi, jua bado lipo. Akaivua tochi ya kichwani akaiweka juu ya meza. Mke wake akamuuliza, mmemtoa? Mjomba akaomba maji. Mke wake akaleta maji. Hakuuliza tena. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na koleo, na mimi sikuuliza. Sahani ya Mageni ilikuwa kwenye kichanja. Mke wa mjomba aliiondoa, akaenda kuiosha ingawa ilikuwa safi.

Nilisema yote hayo kwa Kiingereza cha kuokoteza. Sahani sikukumbuka wanaiitaje, nikaichora mezani kwa kidole. Neno maji nafikiri nililisema mara sita. Mwishoni nikasema kwamba aliyeuliza ameshajibiwa, na mwandishi anajua, kwa hiyo naye kanyamaza, kama tulivyonyamaza sisi.

Madam hakuandika kitu. Alikuwa bado ameweka kiganja pale pale. Saa ikapita dakika kumi, hakuitazama. Baadaye akasema, kwa Kiswahili, pole na msiba. Akasema niende.

Nimetoka bila kuulizwa swali hata moja kuhusu ile mistari niliyoikariri. Kazi yote ile bure.

Ijumaa, 19 Septemba

Hamsini na nane.

Masudi arobaini na mbili, kwa uji. Bahasha zote mbili Madam kazichana mbele yetu, vipande kavitia kwenye debe la taka kimoja kimoja, huku akisema mimi na yeye sasa tunaelewana. Kasema jana nilisoma. Kasema kwa mara ya kwanza alimsikia Ignas mwenyewe ndani ya stoo ile, na kwamba kama nikiendelea kusoma namna ile, kwa macho yangu na kwa maisha yangu, sihitaji mtu wa kunishikia kitabu. Niliitikia ndiyo Madam. Alikuwa na furaha, sikutaka kumkatisha.

Nimempigia mjomba. Akasikiliza, akasema basi koleo atampa mtu. Sauti yake ilikuwa na mafua. Nikamwambia wabeja, asante sana, mjomba. Akasema nisome.

Kisha nimekaa chini na daftari hili kutafakari kwa utulivu nini hasa kimeniokoa, maana mtu mwenye akili hujifunza. Jibu liko wazi. Ukurasa. Ile nafasi nyeupe. Wenzangu wote walibeba mawe, magunia kwa magunia, mimi nimepita na mistari minne. Boaz alisoma kurasa mia mbili na kumi na mbili akapata sabini na moja. Ukigawanya, kila ukurasa wa Boaz haujafikisha hata nusu alama. Mstari wangu mmoja umeleta kumi na nne na ushee. Hakuna mwamba wenye dhahabu kama hiyo Geita nzima.

Na habari njema zaidi. Mwezi wa kumi tunaingia mashairi, na Madam katangaza kwamba mtihani utakuwa wa mdomo tena, kila mtu atachagua shairi lake. Nimeazima kitabu maktaba, nimekipitia kwa rula. Mashairi, kumbe, ni nafasi nyeupe tupu. Sijui kwa nini watu wanayaogopa. Shairi la ukurasa wa arobaini na sita lina maneno thelathini na moja. Nimeyahesabu mara mbili. Hilo ndilo langu, na nimeshaandika jina langu pembeni kwa penseli ili Rebeka asiliwahi.

Nimempa Boaz akalisome, aniletee muhtasari Jumamosi. Nimemwomba asiuandike mrefu.